Mizani ya Kemia: Kwa Nini Mlinganyo Hauna Budi Kusawazishwa

Mchoma chokaa wa pwani anajua jambo moja ambalo wanafunzi wengi wa kemia huchelewa kulitambua. Hupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, akayatia moto, nao moto ukawaka usiku kucha. Asubuhi huyakuta mawe yake yakiwa na umbo karibu lile lile la jana, ila yamekuwa meupe zaidi na mepesi mno. Jiwe lililomlemea alipokuwa akilipandisha, leo hulinyanyua bila taabu. Halikumeguka, wala hakuna mtu aliyepunguza kitu. Basi uzito ule umekwenda wapi?

Swali hilo ndilo chanzo cha somo zima la kusawazisha milinganyo ya kikemia. Darasani somo hili mara nyingi hufundishwa kama mchezo wa namba: mwanafunzi hupewa mstari wa alama, akaambiwa aweke 2 hapa na 3 pale mpaka pande mbili zilingane. Akifaulu hupata maksi, akishindwa hukata tamaa, na katika hali zote mbili huenda asijue alikuwa akilinganisha nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mlinganyo uliosawazishwa ni taarifa ya kweli kuhusu vitu halisi: chokaa, magadi, gesi ya kupikia na jiko la mkaa. Tena yataonyesha kwamba mara nyingine taarifa hiyo yaweza kuokoa maisha.

UZITO ULIOPOTEA TANUUNI

Matumbawe, kama yalivyo mawe ya chokaa na makombe ya baharini, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Yakipata joto kali hugawanyika kuwa vitu viwili: kalsiamu oksaidi, ambayo ndiyo chokaa isiyotiwa maji, na gesi ya kaboni dioksaidi. Wanakemia huandika hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kila atomi ina uzito wake ukilinganishwa na atomi nyingine. Kwa hesabu za kawaida, haidrojeni huchukuliwa kuwa 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, sodiamu 23 na kalsiamu 40. Kwa hiyo CaCO₃ ina uzito wa 40 + 12 + 48, yaani 100. CaO ni 40 + 16, yaani 56. Na CO₂ ni 12 + 32, yaani 44. Ukijumlisha 56 na 44 hurudi pale pale kwenye 100.

Maana yake ni wazi. Katika kila kilo 100 za jiwe safi na kavu, kilo 56 hubaki tanuuni zikiwa chokaa, na kilo 44 hupaa hewani zikiwa gesi isiyoonekana. Uzito haukupotea hata kidogo, umebadili makao. Mchoma chokaa aliyeona mawe yake yamekuwa mepesi alikuwa ameuona mlinganyo kwa mikono yake kabla ya kuusoma kitabuni.

Safari ya chokaa haiishii hapo. Fundi akiimwagia maji huchemka na kutoa joto jingi, nayo hugeuka kuwa kalsiamu haidroksaidi:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Uzito wa 56 umepokea maji ya uzito wa 18 na kuwa 74. Chokaa hiyo ikichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza polepole kunyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kwa njia hiyo kuta za kale za Kilwa, Gedi na Lamu zilijengwa kwa jiwe lililochomwa, likazimwa kwa maji, kisha likaachwa lijirudie kuwa jiwe tena. Kila hatua ya mzunguko huo huweza kupimwa kwa mizani, na katika kila hatua jumla ya vitu vilivyoingia ni sawa na jumla ya vitu vilivyotoka.

MTU ALIYEAMINI MIZANI

Leo jambo hili laonekana jepesi, lakini wataalamu wa Ulaya walilibishania kwa muda mrefu. Ilijulikana kwamba kuni zikiungua huacha majivu mepesi, ilhali risasi au bati likichomwa hewani hugeuka unga mzito kuliko metali yenyewe. Moto ule ule huku unapunguza, kule unaongeza. Wengi walidhani kwamba kila kinachoungua hutoa kitu fulani kilichofichika ndani yake, nao hawakujishughulisha sana na uzito.

Antoine Lavoisier wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1743, aliamua kuufuata uzito popote uendapo. Katika miaka ya 1770 alitia bati ndani ya chombo cha kioo, akakifunga pasipo kuacha mwanya, akakipima, akakichoma, kisha akakipima tena. Sehemu ya bati iligeuka unga, lakini uzito wa chombo chote na vilivyomo haukubadilika. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kasi na ndipo uzito ukaongezeka. Kumbe bati lilikuwa limechukua sehemu ya hewa iliyokuwa imefungiwa ndani. Uzito ulioongezeka kwenye metali ulitoka hewani.

Katika kitabu chake cha mwaka 1789, ambacho mkewe Marie-Anne alikichorea picha za vyombo vya maabara, Lavoisier alieleza kanuni kwamba katika kila badiliko la kikemia kiasi cha maada kabla ya badiliko ni sawa na kiasi cha maada baada yake. Miaka mitano baadaye, tarehe 8 Mei 1794, aliuawa kwa kukatwa kichwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wakusanya kodi wa mfalme. Kanuni yake ilibaki, na hadi leo hakuna mizani ya maabara ya shule wala ya kiwanda iliyoikuta na kasoro katika badiliko la kikemia.

KUTOKA UZITO HADI HESABU YA ATOMI

Kanuni ya Lavoisier yasema kwamba uzito huhifadhika. Haisemi kwa nini. Sababu ilitolewa na mwalimu wa Kiingereza, John Dalton, ambaye mwaka 1808 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba kila elementi imeundwa kwa atomi, na kwamba katika badiliko la kikemia atomi haziumbwi wala haziangamizwi. Hupangwa upya tu, kama matofali ya nyumba iliyobomolewa ili kujenga nyingine. Kama idadi ya matofali ni ile ile, uzito nao hauna budi kuwa ule ule.

Lakini Dalton alikosea jambo moja lenye mafunzo. Alidhani kwamba molekuli ya maji ina atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, yaani HO. Mwaka ule ule wa 1808 Joseph Gay-Lussac wa Ufaransa alitangaza kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano mwepesi. Kwa mfano, lita 2 za haidrojeni huungana na lita 1 ya oksijeni. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Italia alipendekeza kwamba ujazo sawa wa gesi, katika joto na kani-eneo sawa, una idadi sawa ya molekuli, na kwamba molekuli ya oksijeni ina atomi mbili zilizoshikamana. Watu wengi hawakumsikiliza. Ilipofika mwaka 1860, katika mkutano wa wanakemia uliofanyika Karlsruhe, Ujerumani, Stanislao Cannizzaro aliyatetea mawazo hayo kwa nguvu, na hatimaye wanakemia wakaanza kukubaliana juu ya uzito wa atomi na fomula za vitu.

Ndiyo maana leo huandikwa:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Mstari huu mfupi umebeba ubishi wa zaidi ya miaka hamsini. Herufi zake zenyewe zinatokana na utaratibu ulioanzishwa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden miaka ya 1813 na 1814. Namba ndogo ya chini husema atomi ngapi zimo ndani ya molekuli moja; namba kubwa ya mbele husema ni molekuli ngapi zinazoshiriki. Mwanafunzi anayezichanganya namba hizi mbili hawezi kusawazisha mlinganyo wowote akaufahamu.

KOSA LA NAMBA YA CHINI

Mwanafunzi akipewa H₂ + O₂ → H₂O, huona kwamba oksijeni ni mbili upande wa kushoto na moja upande wa kulia. Njia ya mkato inayomjia ni kuandika H₂O₂ upande wa kulia, na hapo pande mbili zinalingana. Hesabu ni sahihi, lakini kitu kilichoandikwa si maji tena. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda na kung'arishia nguo, ambayo ikiwa kali huunguza ngozi. Kwa namba moja ndogo, kinywaji kimegeuzwa kuwa kitu cha hatari.

Namba ya chini ni utambulisho wa kitu. Haikuandikwa na mwanafunzi, wala yeye hana ruhusa ya kuibadili. Iliyo chini ya mamlaka yake ni namba ya mbele peke yake. Muuza maandazi aweza kuongeza idadi ya maandazi katika sahani, lakini akibadili vilivyomo ndani ya andazi, anauza kitu kingine.

UTARATIBU WA KUSAWAZISHA

Mfano mzuri ni gesi ya kupikia inayouzwa katika mitungi. Gesi hiyo huwa ni propani, C₃H₈, au butani, C₄H₁₀, au mchanganyiko wa hizo mbili. Propani ikiungua vema hutoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Kwanza huandikwa fomula sahihi bila kujali idadi:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Hatua ya pili ni kuanza na elementi inayoonekana katika kitu kimoja tu kila upande, na kuiacha mwisho ile iliyo peke yake. Hapa kaboni huanza. Kushoto zipo 3, kwa hiyo kulia huwekwa 3CO₂. Haidrojeni kushoto ni 8, kwa hiyo kulia huwekwa 4H₂O. Sasa oksijeni ya kulia huhesabiwa: 6 kutoka kwenye kaboni dioksaidi na 4 kutoka kwenye maji, jumla 10. Kwa kuwa oksijeni ya hewani huja mbili mbili, molekuli 5 zahitajika:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka, ni kuhakiki kila elementi upya. Kaboni 3 kwa 3. Haidrojeni 8 kwa 8. Oksijeni 10 kwa 10. Mlinganyo umetimia.

Butani huleta ugumu kidogo. Kaboni 4 hudai 4CO₂, haidrojeni 10 hudai 5H₂O, na oksijeni za kulia huwa 8 + 5, yaani 13. Namba 13 haigawanyiki kwa 2. Mwanafunzi asibabaike, aandike kwanza molekuli 6½ za oksijeni, kisha azidishe mlinganyo wote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Uzito nao waweza kuulizwa kama shahidi. Kushoto: 2 × 58 ni 116, na 13 × 32 ni 416, jumla 532. Kulia: 8 × 44 ni 352, na 10 × 18 ni 180, jumla 532. Mizani ya Lavoisier imekubali.

Mlinganyo huu una habari nyingine kwa mpishi. Uzito wa 116 wa butani hudai uzito wa 416 wa oksijeni. Kwa hiyo kilo 1 ya gesi yahitaji karibu kilo 3.6 za oksijeni. Na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 23 tu ya uzito wa hewa, kilo hiyo moja ya gesi hutumia hewa ya kilo 15 na zaidi, ambayo ni kama mita za ujazo 13. Mtungi ulio jikoni unaonekana kuwa ndicho chakula chote cha moto, kumbe chakula kilicho kikubwa zaidi huingia kwa dirisha.

MAGADI NA HESABU YA KIWANDA

Katika Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya, lipo Ziwa Magadi, ambalo sehemu kubwa yake imefunikwa na tabaka gumu jeupe. Tabaka hilo kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo trona, ambayo ni sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti zilizoshikamana pamoja na maji. Madini hayo yamekuwa yakichimbwa huko tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Yakichomwa kiwandani hutoa sodiamu kaboneti safi, inayotumika hasa katika kutengeneza vioo na chupa. Mlinganyo wake ni huu:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Mwanafunzi na ahakiki. Sodiamu kushoto ni 2 × 3, yaani 6. Kulia ni 3 × 2, yaani 6. Kaboni ni 4 kwa 4. Haidrojeni ni 2 × 5, yaani 10, na kulia ni 10. Oksijeni kushoto ni 2 × 8, yaani 16. Kulia ni 9 + 2 + 5, yaani 16.

Sasa uzito. Kila fungu la trona ni 106 + 84 + 36, yaani 226, na mafungu mawili ni 452. Kulia ni 318 za sodiamu kaboneti, 44 za kaboni dioksaidi na 90 za maji, jumla 452. Kwa hiyo kila kilo 1,000 za trona safi haziwezi kutoa zaidi ya kilo 704 za sodiamu kaboneti. Kilo 199 ni maji na kilo 97 ni gesi.

Hesabu hiyo ina faida kubwa. Meneja akiambiwa kwamba tani moja ya trona safi imetoa kilo 800 za soda kavu, hana haja ya kwenda mbali kutafuta ukweli. Ama mizani ni mbovu, ama soda haijakauka, ama taarifa si ya kweli. Akiambiwa imetoa kilo 500, atajua kwamba kilo 200 zimepotea njiani na kwamba yafaa zitafutwe. Mlinganyo uliosawazishwa ni mkaguzi wa hesabu asiyeweza kuhongwa.

JIKO LA MKAA

Mfano wa mwisho unahusu karibu kila nyumba. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha huungua hivi:

C + O₂ → CO₂

Lakini ukikosa hewa ya kutosha, yaani oksijeni ikiwa nusu tu ya ile inayohitajika, kinachotokea ni hiki:

2C + O₂ → 2CO

Vitu vinavyoingia ni vile vile viwili, kaboni na oksijeni. Tofauti iko katika namba. Katika mlinganyo wa kwanza kila atomi ya kaboni imepata molekuli nzima ya oksijeni. Katika wa pili atomi mbili za kaboni zimegawana molekuli moja. Matokeo ya kwanza ni kaboni dioksaidi, gesi ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Matokeo ya pili ni kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu, na isiyowasha macho.

Katika jiko lenyewe mambo haya hutokea kwa ngazi. Chini, hewa inapoingilia, mkaa hutoa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ya moto hupanda kupita kati ya makaa mekundu, na huko huchukua kaboni nyingine:

CO₂ + C → 2CO

Mwanafunzi akijumlisha mlinganyo huu na ule wa kwanza, CO₂ hujifuta pande zote mbili na hubaki 2C + O₂ → 2CO. Juu ya makaa, kama hewa ni tele, monoksaidi huungua kwa ndimi ndogo za rangi ya buluu:

2CO + O₂ → 2CO₂

Ndimi hizo za buluu ni sumu inayoteketezwa mbele ya macho ya mpishi. Hewa ikipungua, sumu ile haiteketei yote, hubaki chumbani.

Ni kiasi gani kinachotosha kudhuru? Hewa yenye sehemu 1 ya kaboni monoksaidi katika sehemu 1,000 yatosha kuhatarisha maisha ya mtu aliyeivuta kwa saa chache. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5, yaani lita 22,500. Sehemu moja katika elfu ni lita 22.5. Moli moja ya gesi katika joto la kawaida la chumba huchukua kama lita 24.5, na moli moja ya CO imebeba gramu 12 za kaboni. Kwa hiyo lita 22.5 za sumu hiyo zimetokana na gramu 11 tu za kaboni.

Gramu 11! Kipande cha mkaa cha uzito huo hufichika katika kiganja cha mtoto, na jiko lililowashwa kwa ajili ya chakula cha jioni lina makaa mengi zaidi ya hayo. Huo ndio ukweli ambao mlinganyo unausema waziwazi na ambao macho na pua haviwezi kuusema. Katika nyanda za juu zenye baridi, watu huliingiza jiko chumbani ili kuota moto, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Wengine huamini kwamba mkaa uliokwisha kuwa mwekundu na kuacha kutoa moshi hauna madhara. Moshi ni dalili ya jambo jingine. Kaboni monoksaidi haina moshi. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa kiasi cha mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha hulala usingizi ambao huenda asiamke.

Kwa hiyo jiko la mkaa liwashwe na kutumiwa nje au mahali penye hewa inayopita, na kamwe lisiachwe katika chumba cha kulala. Mtu akikutwa amezidiwa, atolewe mara moja mahali penye hewa safi na apelekwe hospitali bila kukawia, hata kama ameanza kupata nafuu.

MAMBO AMBAYO MLINGANYO HAUSEMI

Yafaa pia mipaka ya mlinganyo ieleweke. Mlinganyo husema ni kiasi gani kinachoingia na kutoka. Hausemi badiliko litakwenda kwa kasi gani, wala kama litakamilika. Mfano wake ni utengenezaji wa amonia, malighafi ya mbolea nyingi za chumvichumvi:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Mlinganyo huu umesawazishwa vema, lakini mtu akichanganya gesi hizo katika chupa na kuketi akisubiri, hatapata kitu. Mwaka 1909 Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha kwamba amonia hupatikana kwa kutumia joto kali, mgandamizo mkubwa na kichocheo; na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanza kuitengeneza kiwandani huko Oppau. Hata katika viwanda vya leo ni sehemu tu ya gesi hugeuka kuwa amonia kwa mkupuo mmoja. Inayobaki hurudishwa mtamboni. Hata hivyo uwiano wa 1 kwa 3 hauepukiki. Naitrojeni ikizidishwa pasipo haidrojeni ya kutosha, ile ya ziada haitapata wa kuungana naye.

Mwalimu anayefundisha somo hili atafanya vizuri akianza na mizani kabla ya ubao. Siki na soda ya kupikia vikichanganywa katika chupa iliyo wazi juu ya mizani, uzito hupungua kadiri gesi inavyotoka. Jaribio lile lile likirudiwa huku mdomo wa chupa umefungwa kwa puto linaloweza kukusanya gesi, kinachoonekana kupotea huwa ni kidogo sana. Na hicho kidogo hutokana na puto lililojaa kunyanyuliwa kidogo na hewa inayolizunguka. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatauliza tena kwa nini pande mbili za mlinganyo hazina budi kulingana.

MAZOEZI

1. Sawazisha mlinganyo wa chuma kinachoungana na oksijeni: Fe + O₂ → Fe₂O₃
2. Sawazisha mlinganyo wa spiriti inayoungua: C₂H₅OH + O₂ → CO₂ + H₂O
3. Sawazisha mlinganyo wa mimea inayojitengenezea sukari kwa mwanga wa jua: CO₂ + H₂O → C₆H₁₂O₆ + O₂
4. Soda ya kupikia ikipata joto hugawanyika: NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Usawazishe mlinganyo huo, kisha ueleze gramu 168 za soda hiyo hutoa gramu ngapi za kaboni dioksaidi.

Majibu: (1) 4, 3, 2. (2) 1, 3, 2, 3. (3) 6, 6, 1, 6. (4) 2, 1, 1, 1; gramu 44.

Mchoma chokaa, fundi wa kiwanda cha magadi na mama anayepika kwa mkaa huenda wasikutane kamwe, lakini wote watatu wako chini ya sheria moja. Hakuna kinachotoka kisichoingia, na hakuna kilichoingia kisichokuwa na mahali pa kutokea. Kazi ya mlinganyo uliosawazishwa ni kuonyesha mahali hapo, hata pale ambapo kinachotoka hakionekani kwa macho.